Simu moja, "Mume wangu" wawili: jinsi picha za majina zinavyohama na namna ya kuzizuia

Nina kibanda cha ufundi simu Sabasaba, hapa Dodoma mjini. Siku moja mwaka 2017 alinijia mama mmoja wa Nkuhungu, asubuhi, sijamaliza hata kupanga kaunta. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Aliweka simu mezani, akafungua majina, akanionyesha kwa kidole. Palikuwa na "Mume wangu" wa kwanza, namba ya mzee wake ambaye namfahamu kwa sura. Chini yake palikuwa na "Mume wangu" wa pili, na huyo alikuwa na picha: kijana amevaa sare ya mlinzi, amesimama mbele ya geti la bluu, meno yote nje.

"Fundi, huyu wa pili umenitolea wapi? Maana wa kwanza ameshamwona."

Kosa lilikuwa langu. Miaka ile wateja wengi walikuwa wanashika simu janja kwa mara ya kwanza. Hawana barua pepe, wanataka WhatsApp tu, na daladala inawasubiri. Kumfungulia mtu akaunti mpya kunakula muda na bando, kwa hiyo nilikuwa naingiza akaunti yangu mwenyewe ya barua pepe, napakua programu, namkabidhi simu yake. Akaunti naiacha humohumo. Baada ya mwaka mmoja simu zaidi ya ishirini za watu wasiofahamiana zilikuwa zinachota kwenye kisima kimoja. Dada mmoja wa Chang'ombe alipohifadhi namba ya mumewe na kuibandika picha, jina na picha vikasafiri hadi Nkuhungu, na bila shaka hadi Kisasa na Ihumwa, ila wa huko hawakunifuata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza kila mteja anayeniambia "picha yangu imeonekana kwa fulani na sijamtumia". Wengi huamini kuna mtu kawaingilia simu. Kwa niliyoyaona kibandani, mara nyingi hakuna aliyeingia. Kuna mtu aliyegusa "Ruhusu" bila kusoma, na mara nyingi mtu huyo ni mwenye simu au fundi wake.

Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mwenyewe. Majina ya vitufe nayaandika kwa Kiswahili. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, fuata mpangilio na alama. Simu za kampuni tofauti huhamisha vitufe huku na huku, lakini juu ya Mipangilio huwa kuna kisanduku cha kutafutia. Andika humo neno unalolitaka, litakuja.

Hatua ya 1: Jua picha inaonekana wapi

Usianze kubonyeza kabla ya kujua hili, maana dawa zinatofautiana.

Kama sura ya mtu unaiona ndani ya WhatsApp au Telegram tu, lakini akikupigia kwa laini ya kawaida haionekani, basi picha hiyo inakaa kwenye mitambo ya kampuni yenye programu, imefungwa kwenye namba yake. Unaiona kwa sababu yeye ameiruhusu, mara nyingi bila kujua kama ameiruhusu.

Kama sura inatokea simu inapoita, au kwenye orodha yako ya majina, hapo kuna mambo matatu ya kushuku: mtu aliiweka kwa mkono, au imekuja na akaunti iliyosawazishwa (yaani akaunti inayonakili majina yake kwenye kila simu ilimoingizwa), au una programu ya kutambua wapigaji. Na kama inaonekana pembeni ya barua pepe, imetoka kwenye akaunti ya barua pepe ya aliyetuma.

Kuna kipimo kidogo nakipenda. Fungua jina lenye picha, gusa alama ya kalamu ya kuhariri, kisha tazama limehifadhiwa wapi. Utaona neno "Kifaa", au "SIM", au anwani ya barua pepe. Ukikuta anwani ya barua pepe usiyoitambua, hongera, umeshampata mchawi. Laini ya simu yenyewe inabeba jina na namba, haibebi picha. Kwa hiyo jina lililo kwenye laini tupu halafu lina sura, sura hiyo imetoka kwingine. Android ina tabia ya kukusanya vipande vya mtu mmoja kutoka akaunti mbalimbali na kuvionyesha kama kadi moja: namba kutoka kwenye laini, picha kutoka kwenye akaunti, kitufe cha ujumbe kutoka WhatsApp. Ndiyo maana ukifuta sehemu moja, sura inabaki palepale unaiangalia.

Hatua ya 2: Kagua akaunti zilizomo ndani ya simu

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo iliyonitoa jasho mwaka ule.

Nenda Mipangilio, kisha Akaunti. Simu nyingine zimeiweka pamoja na manenosiri. Utaona orodha: Google, WhatsApp, Telegram, labda na ya kampuni iliyotengeneza simu. Soma kila anwani ya barua pepe iliyomo. Jiulize kama ni yako, na kama nenosiri lake unalijua. Jibu la swali lolote likiwa hapana, una akaunti ya mtu. Inaweza kuwa ya fundi, ya duka ulikonunua, ya kijana wa jirani aliyekusaidia, au ya mwenye simu kabla yako kama ulinunua mtumba.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wakiiona wanaifuta papo hapo. Ukiondoa akaunti, majina yote yaliyohifadhiwa humo yanaondoka nayo kwenye simu yako, yakiwemo uliyoyaandika mwenyewe kwa miaka mitatu. Mteja mmoja alilia mbele yangu kwa sababu hiyo. Namba ya mtu anayemuuzia mashudu ilikuwa humo tu. Fuata mpangilio huu:

Kwanza fungua akaunti yako mwenyewe na uiingize kwenye simu hiyohiyo. Simu inakubali akaunti zaidi ya moja. Nenosiri liandike kwenye daftari nyumbani, usilipige picha na simu hiyohiyo.

Pili, fungua programu ya majina, tafuta palipoandikwa Hamisha au Toa, uhifadhi majina kama faili. Faili hilo lina herufi vcf mwishoni mwa jina lake. Nakala moja jitumie kwenye barua pepe mpya.

Tatu, ingiza faili hilo kwenye akaunti mpya. Simu itakuuliza unataka yaende wapi. Chagua anwani yako, soma herufi kwa herufi.

Nne, kaa chini ufute wasio wako. Mama wa Nkuhungu tulikaa naye kwenye benchi nikimsomea majina, yeye anasema "wangu" au "simjui". Tulifika "Mganga" akanyamaza kidogo, kisha akasema huyo nimwache.

Tano, sasa ondoa akaunti ya zamani. Ukikosea ukafuta majina yaliyokuwa kwenye Google, usipige kelele bado. Ingia kwenye ukurasa wa majina wa Google kwa kompyuta au kivinjari: majina yaliyofutwa hukaa kwenye Tupio siku 30, na kuna kitufe cha kutendua mabadiliko kinachoweza kurudisha orodha ilivyokuwa hadi siku 30 nyuma.

Upande wangu mimi mwenye akaunti, nilibadilisha nenosiri, nikaingia sehemu ya usalama inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa, nikavitoa kimoja kimoja. Kuiona orodha ile ilikuwa adhabu tosha. Usawazishaji ulikoma, ila majina ya zamani yalibaki kwenye simu za watu mpaka walipokuja mmoja mmoja.

Onyo moja kwa anayetaka njia ya mkato ya kufuta simu nzima: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyorudishwa kiwandani bila kutoa akaunti kwanza inaweza kuidai akaunti ileile inapowaka. Kama ni ya fundi aliyehamia Singida, utamfuata Singida.

Kama akaunti zote ni zako lakini hutaki majina yapande mtandaoni, huhitaji kuiondoa akaunti. Iguse, ingia kwenye usawazishaji wa akaunti, zima kipengele cha majina peke yake. Angalia pia kama picha zako za kawaida zinapanda kwenye akaunti hiyo. Majina yakivuja ni aibu, lakini picha za ndani zikipanda kwenye akaunti ya fundi ni janga.

Hatua ya 3: Nani ameruhusiwa kusoma majina?

Mipangilio, Faragha, Msimamizi wa ruhusa, kisha Anwani, ambalo ndilo neno Android ya Kiswahili inalotumia kwa majina ya simu. Utaona programu zilizoruhusiwa na zilizokataliwa. Zamani ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo wakati wa kusakinisha. Tangu Android 6.0 programu inalazimika kukuuliza, na unaweza kumnyang'anya ruhusa wakati wowote.

Pita na swali moja tu: programu hii inampigia nani? Benki kwenye simu inaweza kuwa na sababu, unamtumia mtu hela kwa jina lake. Mchezo wa mpira hauna sababu. Tochi haina ndugu wa kumpigia.

Kuna jambo hapa ambalo watu hawalitegemei. Shangazi yangu yuko Kondoa, anatumia kitochi, hajawahi kufungua intaneti maishani mwake. Nilimpiga picha sikukuu ya Idi, nikaibandika kwenye jina lake ili akipiga nimwone. Programu yoyote niliyoiruhusu kusoma majina inaweza kusoma na picha hiyo, jina lake na namba yake. Yeye hakuulizwa. Nimemtoa mimi, mpwa wake, kwa kugusa "Ruhusu" nikiwa nasubiri chipsi. Siku hizi picha za wazee siziweki kwenye majina kabisa.

Kuondoa ruhusa kunazuia kusoma kuanzia sasa. Yaliyokwisha kupakiwa kwenye mitambo ya kampuni yanabaki huko mpaka uyafute kutoka ndani ya programu yenyewe, na hilo linakuja kwenye hatua ya 5. Usishangae pia WhatsApp ikianza kukuonyesha namba badala ya majina baada ya kuinyima ruhusa. Inafanya kazi, ila utachanganyikiwa nani ni nani. Mimi WhatsApp nimeiachia, nyingine nyingi nimezifunga. Tangu mwishoni mwa 2024 WhatsApp pia imeanza kuleta uwezo wa kuhifadhi jina ndani yake peke yake bila kuliweka kwenye simu, na kwa namba za wateja wa mara moja hiyo inasaidia.

Wenye iPhone: kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, programu ikiomba majina unaweza kuipa machache uliyoyachagua badala ya kitabu kizima. Chagua hivyo kila mara.

Hatua ya 4: WhatsApp, na maana halisi ya "majina yangu"

Fungua WhatsApp, Mipangilio, Faragha, gusa picha ya profaili, yaani DP. Kuna chaguo nne: kila mtu, majina yangu, majina yangu isipokuwa uliowataja, na hakuna. Hilo la kuwatoa baadhi ya watu lililetwa Juni 2022.

Simu nyingi ninazozishika ziko kwenye "kila mtu". Maana yake yeyote mwenye namba yako, hata aliyeiokota kwenye bango la "nauza kiwanja Nzuguni", anaiona sura yako. Hata asiye na namba yako anaweza kuikisia. Novemba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walieleza jinsi walivyopitisha namba kwa wingi kwenye kipengele cha kutafuta majina cha WhatsApp na kuthibitisha akaunti bilioni 3.5 duniani. Asilimia 57 ya akaunti hizo zilikuwa na picha inayoonekana na yeyote. Kampuni imeshaweka vizuizi vya kuzuia utafutaji wa namna hiyo, lakini vizuizi hivyo havibadilishi chaguo lako. Ukiwa "kila mtu", bado ni kila mtu.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana nalirudia kibandani kila siku. "Majina yangu" ni watu uliowahifadhi WEWE. Si watu waliokuhifadhi wewe. Mtu anaweza kuwa na namba yako miaka kumi, asikuone sura, kama wewe hujamhifadhi. Na kinyume chake: ulimhifadhi bodaboda wa Makole aliyekupeleka hospitali mara moja 2021, ukasahau, huyo anaiona kila picha unayobadilisha, harusi, mtoto mchanga, safari. Kwa hiyo kubadili kuwa "majina yangu" bila kusafisha majina ni nusu ya kazi. Dada mmoja mwajiriwa wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, alinishangaa nilipomwambia hivyo. Tulihesabu kwenye simu yake akina "Fundi bomba" watatu, "Dalali" saba, na mmoja ameandikwa "Usipokee". Usipokee alikuwa anaiona DP.

Mtu wa aina hiyo kama unataka kubaki na namba yake ili ujue usipokee, mweke kwenye chaguo la "isipokuwa".

WhatsApp iliondoa kitufe cha kuhifadhi DP ya mtu mwingine mwaka 2019, na mwaka 2024 ikaanza kuzuia kupiga picha ya kioo kwenye DP. Simu ya pili inapiga picha kioo cha simu ya kwanza bila taabu, kwa hiyo usijifariji na hilo.

Kwa laini ya biashara, weka bidhaa. Muuza zabibu wa Mpunguzi anahitaji watu waone zabibu.

Na ukinunua laini mpya ukaona namba yako ina sura ya mtu mwingine kwenye WhatsApp ya rafiki yako, usiogope. Namba zisizotumika hufungwa na kuuzwa tena. WhatsApp yenyewe inasema akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha ikasajiliwa kwenye kifaa kingine, picha ya zamani inaondolewa. Sajili laini yako, weka picha yako, sura ya mwenye namba wa zamani itapotea.

Hatua ya 5: Telegram na Facebook

Telegram: Mipangilio, Faragha na Usalama. Badilisha nani aone picha ya profaili, kisha shuka hadi kwenye mipangilio ya data. Zima usawazishaji wa majina na gusa palipoandikwa futa majina yaliyosawazishwa. Bila kugusa hapo, majina uliyoyapakia siku ya kwanza bado yako kwao. Telegram pia inamruhusu mtu kukuwekea picha nyingine kwenye simu yake mwenyewe. Akikuonyesha sura yako ya ajabu humo, huenda ni yeye aliyeiweka na hakuna mwingine anayeiona.

Facebook: picha ya profaili unayotumia sasa ni ya wazi kwa kila mtu, hilo halina kitufe. Unachoweza kuzuia ni kupakia majina. Tafuta kipengele hicho kwenye mipangilio ya Facebook, Messenger na Instagram, kila moja peke yake, zima, kisha futa yaliyopakiwa.

Programu za kutambua wapigaji: inayojulikana zaidi hapa ni Truecaller, ya kampuni ya Sweden iliyoanzishwa 2009. Kama uliwahi kujiandikisha na kuweka picha, picha hiyo inaweza kutokea kwenye kioo cha mtu unayempigia. Kufuta programu kwenye simu hakuifuti akaunti. Ingia ndani, funga akaunti kwanza, kisha nenda kwenye ukurasa wao wa kuondoa namba.

Hatua ya 6: Barua pepe, ile uliyofungua ukiwa na miaka kumi na tisa

Hapa nina aibu ya pili. Mwaka jana nilituma ankara ya makadirio kwa ofisi moja Mtumba, walitaka vioo vya tableti vitengenezwe. Nikavaa shati, nikapeleka nakala mkononi. Afisa aliyenipokea akanitazama mara mbili, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Pembeni ya barua pepe yangu kulikuwa na duara, na ndani ya duara nilikuwa mimi kwenye sendofu ya dada yangu, keki imenijaa kuanzia pua hadi kidevu.

"Karibu, bwana keki," akasema. Kazi nilipata, namshukuru Mungu, lakini jina hilo limebaki.

Picha uliyoiweka kwenye akaunti ya Google inakufuata kwenye Gmail, kwenye mikutano ya video, kwenye nyaraka mnazoshirikiana, na inaweza kutokea kwenye majina ya mtu aliyehifadhi barua pepe yako. Nenda kwenye akaunti yako ya Google, Taarifa binafsi, gusa picha, badilisha au ondoa. Mtu aliyeiona jana anaweza kuendelea kuiona siku chache, kwa sababu simu huhifadhi nakala ili isile bando kila mara.

Kwa iPhone kuna njia yake: kuanzia iOS 17 ya mwaka 2023, simu mbili za iPhone hupeana picha na bango la mwenye simu wanapowasiliana. Fungua Majina, gusa kadi yako iliyo juu kabisa, ingia sehemu ya picha na bango, kisha weka kwamba ikuulize kila mara kabla ya kushirikisha.

Hatua ya 7: Sura ikishatumika na tapeli

Mteja wangu mmoja ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Alipata ujumbe WhatsApp kutoka namba ngeni yenye picha ya mnunuzi wake wa siku zote, kofia ileile, gari ileile nyuma yake. "Kaka, nimebadilisha namba. Ile hela ya mzigo tuma hapa." Picha ilikuwa imetolewa kwenye DP ya mnunuzi, ambayo ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Kilichomwokoa ni kioo cha simu. Alipoanza kutuma, kabla ya kuweka namba ya siri, likatokea jina la aliyesajili laini, la mwanamke. Akaacha. Fanya hivyohivyo: DP anaweza kubandika yeyote, ila jina linalotokea kwenye huduma ya kutuma pesa ni la usajili wa laini. Kisha piga namba ya zamani uongee na mtu mwenyewe. Ujumbe wa utapeli unatumwa kwenda 15040, na kwa kupiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta laini usiyoijua imesimama kwa jina lako.

Kama anayetumia picha yako ni biashara au taasisi, si tapeli wa kujificha, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Waandikie kwanza uwatake waiondoe, tunza nakala ya ulichoandika, na wakikaidi peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 8: Jaribu kwa simu ya mtu mwingine

Usiamini mipangilio kwa kuitazama kwenye simu yako. Wewe unajiona siku zote. Azima simu ya mtu ambaye hana namba yako na wewe huna yake. Ihifadhi namba yako humo kwa jina lolote, fungua WhatsApp, fungua Telegram, mpigie, kisha mtumie barua pepe kutoka kila akaunti unayoitumia. Unachokiona hapo ndicho wanachokiona wasiokujua. Ukimaliza futa namba, mrudishie simu na asante ya soda.

Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwa simu ya dogo wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda. WhatsApp ikatoa duara la kijivu. Telegram ikatoa duara lenye herufi ya kwanza ya jina. Nikampigia, kioo kikabaki na jina tupu nililohifadhi, bila sura. Nikajisifu kimoyomoyo, nikatuma barua pepe ya kwanza, safi. Nikatuma ya pili, kutoka ile akaunti ya zamani ya chuo ambayo sikuwa nimeigusa miaka mingi. Dogo akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaniuliza, "Bro, hii keki ilikuwa ya nani?"